Aprili Mosi wengine tuachieni tukang'oe miti

Ndugu Mhariri,

Kamwene. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama inawezekana msiikate katikati maana najua barua zetu za mikoani huwa mnazipunguza mpaka inabaki salamu na jina. Hoja yangu ni moja tu. Kila Aprili Mosi ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, na mimi naomba siku hiyo huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, Makete, Njombe, Mufindi mpaka Mbeya vijijini, watu wanaojitolea wagawanywe mafungu mawili, fungu moja lipande kama kawaida na lingine lipewe glavu lishuke mabondeni kung'oa miti. Ndio, kung'oa. Najua Aprili Mosi ni siku ya wajinga pia, lakini hapa sitanii.

Mti wenyewe ninaousema ni mwati. Msomaji wa Dar au Tanga labda hajawahi kuuona kwa hiyo nieleze kidogo, ni mti wa Australia, majani madogo madogo, maua ya njano hafifu, na gome lake lina tanini ya kutengenezea ngozi. Mashamba makubwa ya miwati pale Njombe yalianza 1949 enzi za mkoloni na mpaka leo yapo. Na nisieleweke vibaya, mimi sina ugomvi na mwati wa shambani. Mkaa wake ni mzuri sana, kuni zake zinawaka hata zikiwa hazijakauka vizuri, nguzo zake zimejenga mabanda ya nusu ya mkoa huu, na watoto wengi wamesoma kwa hela ya magunia ya mkaa. Atakayesema miwati yote ing'olewe huyo hajawahi kukaa Njombe mwezi wa saba bila moto ndani.

Tatizo ni kwamba mwati haukai ulikopandwa. Unashuka na maji, unafuata barabara, greda likichonga barabara ya kijiji linasukuma udongo wenye mbegu kutoka huku mpaka kule na mwaka unaofuata unaona mstari wa miche pembeni ya barabara yote. Halafu mbegu yenyewe ina ganda gumu, inaweza kulala ardhini miaka mingi sana, inatajwa hadi miaka 50, na kinachoiamsha vizuri kuliko vyote ni moto. Sasa huku kwetu moto ndo usiseme, kila kiangazi milima inawaka, mwingine anachoma nyasi ng'ombe wapate majani mateke, mwingine anawinda panya, mwingine hata hajui kwa nini amechoma. Ukipita moto kwenye bonde lenye mbegu za mwati, mvua za kwanza tu miche inatoka imesongamana kama nywele kichwani, huoni hata pa kuweka mguu.

Na inapotoka pabaya zaidi ni kwenye yale mabonde yetu ya majimaji. Wenyeji mnayajua, ndo tunakolima vinyungu, mboga na mahindi mabichi ya kiangazi wakati mlimani kumekauka kabisa. Kule juu kabisa kwenye chanzo hakulimwi (au hakutakiwi kulimwa), kuna nyasi, matete, udongo mweusi unaozama, na pembeni mivengi miwili mitatu, miti yetu ya asili. Nyasi zile zinakunywa maji kidogo, na wakati wa baridi zinanyauka juu zinapumzika. Mwati haupumziki, una majani mwaka mzima na unavuta maji mwaka mzima. Afrika Kusini walishapima haya mambo miaka mingi kwenye vijito vyao na wakaona miti ya kigeni ikijaa bonde la nyasi maji yanapungua, na tangu 1995 serikali yao ina mpango wa kuwalipa watu wasio na ajira kazi ya kuondoa miti hiyo kwenye vyanzo vya maji, na mwati ni mmojawapo wa ile wanayopambana nayo sana. Yaani wenzetu wanailipia kazi hiyo, sisi tukiisema mtu anatushangaa.

Halafu kuna ndege. Hapa ndo watu wengi wanacheka, maana ukisema ndege kwa mkulima wa mpunga wa Mbarali yeye anawaza kwelea kwelea na ndege ya kumwaga dawa. Lakini nyanda zetu za majani zina ndege ambao ukitoka hapa huwapati kirahisi. Kuna mbayuwayu wa bluu, mwili wote bluu ya kung'aa, dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani. Anakuja huku kuzaa mvua zinapokaribia na zikiisha anaondoka kwenda kukaa upande wa Ziwa Victoria, Uganda na Kenya huko. Hajengi kwenye paa la nyumba kama mbayuwayu tuliowazoea, yeye anaingia shimoni, kwenye shimo la mhanga au ardhi iliyobomoka, anabandika kiota chake cha tope na nyasi humo ndani ukutani. Anatafuta wadudu kwa kuruka chini chini juu ya nyasi zenye unyevu. Sasa weka mwati hapo. Shimo limefunikwa, nyasi zimekufa kwa kivuli, pa kuruka hakuna. Hahitaji mtu ampige manati, anakosa tu nyumba. Duniani yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, na huko huko Afrika Kusini wamebaki chini ya jozi 100, sababu kubwa ikiwa ni nyanda za majani kugeuzwa mashamba ya miti. Sisi bado tunaye. Pale Kitulo yupo, yupo na tandawala yule mkubwa anayetembea kama mwenye shamba, na yupo yule ndege mweusi wa kwenye matete mwenye mkia mrefu ambaye anapatikana kwenye milima hii yetu na kuvuka kidogo Malawi na Zambia, basi. Na korongo mwenye taji naye anataka bonde la wazi lenye maji, hawezi kutua msituni kwenye miwati.

Kitulo angalau ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, ina askari, ina jina la Bustani ya Mungu, watalii wanakuja kuangalia maua. Mabonde yetu ya vijijini hayana jina. Tanzania iliingia mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu mwaka 2000 na tuna maeneo manne kwenye orodha, Malagarasi, Ziwa Natron, Kilombero na Rufiji na pwani yake. Hata Ihefu yetu ya Usangu haimo, sembuse bonde la kijiji chenu. Kwa hiyo hakuna anayekuja kutuokolea hili, ni wanakijiji wenyewe na wanaojitolea.

Sasa kuhusu hao wanaojitolea. Nimeona siku hizi kuna mwamko na naupongeza kwa dhati, vijana wa vyuo, kwaya za makanisa, bodaboda, hata watumishi wa benki wanakuja. Ila namna tunavyofanya ndo inanitoa jasho. Mwaka fulani taasisi moja (siitaji, haisaidii) ilikuja kwenye bonde karibu na kwetu Juni 5, Siku ya Mazingira, fulana za kijani, spika kubwa, mgeni rasmi amechelewa kama kawaida, wakakata miwati eneo kubwa kweli kweli, wakarundika matawi hapo hapo kwenye chanzo, wakayachoma moto, wakapiga picha, wakala wali nyama, wakaondoka. Kazi ilionekana safi, bonde likabaki jeupe. Mvua zilipoanza ule moto ukawa umeamsha mbegu zote zilizokuwa zimelala, bonde likaota miche mingi kuliko miti iliyokatwa, na hakuna hata mmoja wa zile fulana aliyerudi kuiangalia. Leo bonde lile ni zito kuliko lilivyokuwa mwanzo. Yaani bora wangekaa kwao wakatuma soda.

Ndo maana nasema Aprili na sio Juni. Juni ardhi yetu imeshaanza kukauka na baridi imeingia, mche wa mwati ukiuvuta unakatikia shingoni na mzizi unabaki. Machi na Aprili udongo bado una maji, mche wa urefu wa goti unavutwa na mtoto wa kidato cha kwanza unatoka mzima na mzizi wake, huna haja ya panga wala dawa. Na kwa ndege pia ni afadhali, maana mwezi wa 11 mpaka wa 2 mbayuwayu ana makinda shimoni, ukimpelekea watu hamsini na spika unamfukuza, ila kufika Aprili makinda yamesharuka. Halafu niseme ukweli na wataalamu wanisamehe, kwa huku kwetu Aprili Mosi kupanda ni kuchelewa, mvua zetu zinaanza Novemba Desemba na mwezi wa tano zinakatika, mche unaoupanda Aprili unakutana na ukame na jalidi ukiwa bado mtoto. Kwa hiyo siku yenyewe ya taifa kwa kalenda ya mvua za huku imekaa vizuri kwa kung'oa kuliko kupanda. Sikuipanga mimi.

Kazi yenyewe sio ngumu ila ina utaratibu wake. Mnaanza juu kwenye chanzo mnashuka, sio mnaanza barabarani kwa sababu gari limeishia hapo, maana mbegu zinashuka na maji, ukisafisha chini ukaacha juu umefanya kazi bure. Mnaanza pale penye miti michache kwanza, kwenye nyasi ambazo bado nzima, sio mnakimbilia kichaka kinene kwa sababu kinapendeza kwenye picha. Midogo inang'olewa kwa mkono. Ya unene wa mkono inakatwa chini kabisa usawa wa udongo na kisiki kinamenywa gome mpaka kwenye mizizi, ukikiacha na gome kinaweza kuchipua. Mikubwa sana sio lazima muiangushe siku hiyo, mnaimenya gome kuzunguka kuanzia kifuani mpaka chini udongoni, wakati wa mvua gome la mwati linabanduka vizuri, mnaiacha ikauke imesimama na baadaye serikali ya kijiji inapanga nani achukue kuni. Matawi yanatolewa nje ya bonde. Moto hapana. Na tanuri la mkaa lisijengwe bondeni, mwenye mkaa abebe magogo akachomee mlimani shambani kwake.

Msichanganye mwati na miti mingine pia. Msindano, yaani paini, huu wa mashamba ya Sao Hill, mbegu yake ina bawa inaruka na upepo, na ndo umekuwa unajiotea kwenye nyasi za juu, ila ukiukata chini umekufa, hauchipui, kwa hiyo huo ni rahisi. Mlingoti, yaani mkaratusi, haujioteshi sana hivyo, unaouona bondeni mara nyingi kuna mtu aliupanda, na ukiukata unachipua machipukizi hata kumi, unatakiwa uyapige kila yanapotoka mpaka kisiki kichoke. Na kwa sababu una mwenyewe, huo ni wa kikao sio wa panga. Kuna mzee ana milingoti yake mitano kwenye chanzo anaisubiri imjengee nyumba ya mtoto, huwezi kumvamia na kwaya.

Kwenye hilo la kikao sheria ipo upande wetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji, na viongozi wetu kila mkutano wanaimba kuhusu miti isiyo rafiki wa maji. Lakini mwanzo wa kazi ni mwenyekiti wa kijiji na kamati ya mazingira, muhtasari uandikwe, bwana misitu ajulishwe, kibali kiwe mkononi, maana ukikutwa na panga na rundo la magogo huna karatasi hapo hakuna atakayekuelewa kuwa unahifadhi ndege. Na kuni zigawiwe siku hiyo hiyo mbele za watu, waanze wajane na wazee, la sivyo zinaleta ugomvi mkubwa kuliko faida. Kuna bonde nalijua kazi ilikufa kwa sababu ya ugomvi wa kuni tu, ndege hakuwa na hatia.

Najua swali la posho. Kila tukiitisha watu swali la kwanza ni mnatoa shilingi ngapi, na siwalaumu, mtu kaacha kibarua cha parachichi kuja kwako. Mimi msimamo wangu ni kwamba anayetoka mjini aje kwa kujitolea kweli kweli na nauli yake, ila mwanakijiji anayerudi kung'oa miche kila mwaka baada ya nyie kuondoka huyo alipwe, maana yake sio kujitolea tena, ni kazi. Zile hela za fulana na spika zingelipa watu wawili watatu wa kijijini kupita bonde lote kila mwisho wa mvua. Fulana ya mwaka jana bado unayo, ivae hiyo hiyo.

Wapo watakaosema huyu anapinga kupanda miti wakati miti inaleta mvua. Jamani. Msitu wa asili wa Rungwe, wa Livingstone, wa Udzungwa, hiyo ni mali, na atakayegusa mti hata mmoja kule nitakuwa wa kwanza kumsema. Lakini bonde la nyasi sio msitu uliokatwa. Halijawahi kuwa msitu, ni nyasi tangu mababu, na maji yanatoka kwa sababu hiyo hiyo. Tumezoea kuona pasipo na mti ni pa kupanda, na kila halmashauri ina lengo la miche milioni 1.5 kwa mwaka, sasa afisa akitafuta pa kuiweka macho yanaenda wapi, yanaenda kwenye yale majani ya wazi. Miche iliyopandwa inaripotiwa. Iliyong'olewa nani anairipoti? Ningeomba wakurugenzi wetu waruhusu hekta za bonde zilizosafishwa na kurudiwa ziingie kwenye ripoti ile ile, mtaona watu wanavyobadilika.

Wala sisemi mwati ndo umeikausha Ruaha Mkuu. Mto ule tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi kule ndani ya hifadhi, na kisa kikubwa ni mifereji na mpunga wa Usangu, hilo linajulikana. Lakini vijito vinavyoulisha vinaanzia huku juu kwetu, Kitulo na Kipengere, vinashuka Usangu, vinaingia Ihefu, kisha hifadhini, kisha Mtera na Kidatu kwenye umeme. Kama huku juu tunaachia bonde moja moja linajaa mwati halafu tunakwenda kugombana na mkulima wa Mbarali kuhusu mfereji wake, hatumtendei haki.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa mikoa ya huku, TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), Bodi ya Maji Bonde la Rufiji pale Iringa, na makanisa maana ndo yenye watu: Aprili Mosi ijayo kila wilaya ichague bonde moja. Moja tu, dogo, lenye miwati michache ambayo bado inawezekana. Litafutiwe kikundi kimoja, na kabla watu hawajapanda gari kurudi makwao tarehe ya mwakani ya kurudi hapo hapo iandikwe kwenye muhtasari wa kijiji na isainiwe. Msitupeleke bonde jipya kila mwaka kwa sababu mgeni rasmi anataka kuzindua. Mwaka wa pili kwenye bonde la zamani hakuna cha kuzindua, ni kuinama na kuvuta miche tu, na hapo ndo tutajua nani amejitolea na nani alifuata wali nyama.

Wanaotaka kuja waje na gambuti na glavu za kazi, sio zile nyembamba za hospitali, zinachanika kabla hujafika hata kwenye mche wa ishirini. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, tutawapa sisi, ila jioni.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi,
Njombe